Gari la Lami au Gari la Mlima?

Muhula huu bweni letu halikuwa na ubishi uliodumu kama ubishi wa magari. Ubishi wa mpira huisha kipenga kikilia, lakini wa magari hauna kipenga. Mimi nilikuwa msikilizaji tu, mpaka mjomba wangu aliponitia katika jambo hilo, ikanibidi kusoma, kuuliza na kupiga hesabu. Niliyoyapata nayaandika hapa. Huenda yakamfaa mzazi au mwalimu anayefikiri kununua gari kubwa, na pia mwanafunzi anayedhani kwamba Fizikia ni ya kujibia mtihani tu.

Mjomba anafanya kazi ya kukodisha magari mjini Tanga. Wageni wake wengi huenda Lushoto kutazama milima ya Usambara. Mwaka huu aliazimia kuuza mabasi yake madogo mawili na kukopa benki, apate kuagiza kutoka Japani Toyota Land Cruiser ya namna iitwayo 300, iliyotolewa mwaka 2021. Dhamana ya mkopo ingekuwa shamba la marehemu babu. Kwa sababu hiyo mama yangu hakuwa na raha, maana shamba hilo ndilo linalomlisha bibi.

Siku ya wazazi mjomba alikuja kunitazama. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa picha mbili mfukoni.

"Mpwa wangu, wewe ni mtu wa Fizikia," akasema. "Hii ni ZX, na hii ni GR Sport. Mimi nataka ZX. Tazama magurudumu yake yalivyo makubwa na yanavyong'aa! Hiyo nyingine ni ya vijana wapenda mbio. Jina lake lenyewe ni michezo. Wageni wangu wanataka gari la mlima."

Nikamwomba anipe muda mpaka likizo ya katikati ya muhula. Mwalimu wetu wa Fizikia alinisaidia kupata karatasi za vipimo vya magari yote mawili, na fundi wa lori la shule akanieleza yale ambayo karatasi haielezi.

Kwanza nilitazama yanayolingana, nayo ni mengi. Yote mawili yana fremu ya chuma chini ya bodi, na gia boksi ya gia 10. Yote mawili hupeleka nguvu katika magurudumu manne wakati wote, na yana gia za nguvu za kupandia mahali pagumu. Injini ni zile zile: ya dizeli ya lita 3.3 au ya petroli ya lita 3.5. Kwa hiyo anayesema kwamba moja lina moyo kuliko jingine anasema bila kusoma.

Tofauti ya kwanza ni tairi. ZX ya Japani huvaa tairi za 265/55 juu ya rimu za inchi 20. GR Sport huvaa 265/65 juu ya rimu za inchi 18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu nami, msomaji. Ubavu wa tairi ya ZX ni karibu milimita 146, na wa GR Sport ni karibu 172. Lakini ukijumlisha rimu na mpira, magurudumu yote mawili yana kimo kama cha milimita 800. Basi lile gurudumu "kubwa" la ZX halikuzidi kwa kimo. Limezidi chuma, likapungukiwa mpira. Mpira mfupi hauyumbi sana gari linapokata kona katika lami, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini penye mawe na mashimo, mpira mrefu ndio unaobonyea na kuilinda rimu isipasuke.

Tofauti ya pili ni difu, na hapa nina kisa. Masika ya mwaka jana mjomba alikodi gari zuri la mtu mmoja ili kumrudisha bibi nyumbani kutoka hospitali. Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto tulikwenda vizuri, maana ni lami. Tulipoingia katika udongo mwekundu wa njia ya kijijini kwetu, gari lilisimama katikati ya kilima. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama feni, na mwenzake akatulia kana kwamba hayamhusu. Tulimbeba bibi juu ya kiti mpaka nyumbani, huku mvua ikimnyeshea.

Siku hiyo nililaumu injini. Sasa najua kwamba injini haikuwa na kosa. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Ikiwa baina yao pana mita 1.6, basi katika kona ya pembe mraba la nje huzidi kwa karibu mita 2.5. Difu ndiyo inayoyaruhusu yasizunguke sawa. Lakini difu ya kawaida hugawa msukumo sawa kwa sawa: lile lililo katika utelezi likikosa la kushika, na mwenzake hapati zaidi. Dawa yake ni kufuli ya difu, inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, ili lililo juu ya ardhi ngumu lisukume. GR Sport ina kufuli hiyo mbele na nyuma; ZX haina kufuli ya mbele. Lakini tahadhari: kufuli si ya kutumia katika lami kavu, kwa sababu ile ile ya kona niliyoieleza.

Tofauti ya tatu ni stabilaiza, yaani chuma kinachozuia gari lisilale upande katika kona. Katika lami ni rafiki. Katika makorongo ni adui, maana hulizuia gurudumu lisishuke kutafuta ardhi. GR Sport ina mtambo wa umeme unaokaza chuma hicho barabarani na kukilegeza penye makorongo. Bampa zake pia zimekatwa ili zisigonge kilima kabla ya tairi kufika.

Basi mjomba alikuwa amelisoma jina kinyume. "Sport" ya gari hili si mchezo wa lami. Watengenezaji walitumia maarifa ya madereva wa mashindano ya Dakar, ambayo tangu mwaka 2020 hufanyika katika majangwa ya Saudi Arabia. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Hata hivyo sisemi kwamba ZX ni gari baya. Mtu ambaye safari zake ni Tanga na Dar es Salaam hana haja ya kufuli mbili. ZX itamfaa na kumstarehesha. Na vifaa hubadilika kwa nchi na kwa mwaka, kwa hiyo anayenunua asome karatasi ya gari lile lile analonunua, asitegemee jina.

Wakati wa likizo nilimweleza mjomba yote haya mbele ya mama. Sikumwambia chukua hili, acha lile. Nilimwomba tu afungue daftari lake la safari. Tukahesabu: katika safari 40, 26 zilipita mwisho wa lami. Mjomba alinyamaza, kisha akaipindua picha ya ZX juu ya meza.

Nilidhani kazi imekwisha. Ndipo mama akauliza kwa upole, "Kaka, na safari ngapi zitalipa mkopo, ikiwa masika yataiporomosha barabara yenyewe?" Mjomba hakuwa na jibu, wala mimi. Kufuli ya difu haivushi gari mahali ambapo barabara imekwenda na maji.

Hesabu hiyo ya pili wanaifanya sasa wao wawili, kwa daftari lile lile. Mabasi hayajauzwa, na hati ya shamba ingali sandukuni kwa bibi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV