Fedha za Vijana Rangwe: Zatoka Wapi, na Hupatikana kwa Njia Gani

Eneo bunge la Rangwe ni mojawapo ya maeneo manane ya Kaunti ya Homa Bay, nalo lina wadi nne: Gem Magharibi, Gem Mashariki, Kagan na Kochia. Katika wadi zote hizo wako vijana waliomaliza shule wasipate kazi ya mshahara, lakini wanajua kushona, kuchomelea vyuma, kufuga kuku au kulima mboga. Wanalokosa ni mtaji. Wengi wao wamesikia ya kwamba Serikali ina fedha kwa ajili ya vijana, ila hawajui fedha hizo ni za namna gani, wala nani ana haki ya kuziomba. Inafaa jambo hili lielezwe waziwazi, maana asiyejua haki yake huidhani kuwa ni hisani ya mkubwa fulani.

Kwanza ni lazima kutofautisha ruzuku na mkopo. Ruzuku ni fedha ambazo hazirudishwi, bali hutolewa kwa kazi maalum, na aliyezipewa hutakiwa kuonyesha ya kwamba kazi ile imefanyika. Mkopo hurudishwa, hata kama hauna riba. Watu wengi wamepata taabu kwa kuchukua mkopo wakidhani ni zawadi.

Mfano wa ruzuku ni mpango wa NYOTA, ambao Serikali ya Kenya iliuanzisha kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mwaka 2025 ilipangwa vijana 70 katika kila wadi wapewe shilingi 50,000 kila mmoja ili waanzishe biashara ndogo. Kwa hesabu hiyo, wadi nne za Rangwe zilikuwa na nafasi 280. Fedha hizo hazikutolewa zote kwa mara moja, na sehemu yake iliwekwa kuwa akiba ya kijana mwenyewe. Mpango huo ulikusudiwa hasa vijana wa miaka 18 hadi 29 ambao hawakuendelea sana na masomo. Wenye ulemavu waliruhusiwa hadi miaka 35.

Mfano wa mkopo ni Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa mwaka 2013. Hazina hii hukopesha vikundi vya vijana na vya wanawake, wala si mtu mmoja mmoja. Kwa taratibu zilizowekwa mwaka 2014, kikundi kiliweza kukopa kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000 bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikapewa miezi sita ya kujipanga kabla ya kuanza kulipa. Tuseme kikundi cha watu kumi kimekopa shilingi 100,000. Ada yake ni shilingi 3,000. Wakilipa deni lenyewe kwa miezi 24, kila mmoja hutoa kama shilingi 417 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye kazi si mzigo mkubwa. Kwa mtu aliyekula mtaji wote ni mzigo mzito sana.

Aina ya tatu ni fedha za maendeleo za eneo bunge, zilizoanza kwa sheria ya mwaka 2003 na kutungiwa sheria mpya mwaka 2015. Hizo hazikuwekwa kwa kugawia watu fedha mkononi. Zilikusudiwa kazi za umma, kama vile madarasa, na msaada wa karo kwa wanafunzi. Tena sehemu ndogo iliruhusiwa kutumika kwa michezo. Sheria ile ya 2015 ilikataza fedha hizo kutumika kwa mambo ya siasa au ya dini. Tena iliagiza ya kwamba katika kamati ya eneo bunge wawemo vijana, wa kiume na wa kike, na kwamba mikutano ya hadhara ifanywe katika kila wadi ili wananchi wenyewe wataje kazi wanazozitaka kwanza. Kwa hiyo kijana asiyehudhuria mkutano wa wadi yake huwaachia wengine wamchagulie.

Je, kikundi hujitayarisha namna gani? Kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kikundi cha kawaida chapaswa kuwa na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake na viongozi waliochaguliwa, kisha kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Baada ya hayo hufungua akaunti ya benki. Jambo hili si geni kwa Wajaluo. Tangu zamani walikuwa na saga, yaani kusaidiana kulima shamba la kila mmoja kwa zamu, na hata leo wako na nyoluoro, ambapo kila mwanachama huweka fedha na kupokea zamu yake ikifika. Kinachoongezeka ni maandishi tu: daftari la mikutano, daftari la fedha, na risiti za kila kilichonunuliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena watu na wajihadhari na wadanganyifu. Mtu akidai shilingi mia tano au elfu moja ili aandike jina la kijana katika mpango wa Serikali, asipewe. Haki ya umma hainunuliwi. Afadhali kumwuliza chifu au ofisa wa vijana, na ikiwa pana rushwa, kupeleka habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Mwisho, inafaa kukumbuka ya kwamba fedha za mkopo huzunguka. Shilingi inayorudishwa na kikundi cha Kagan leo yaweza kukopeshwa kikundi cha Kochia kesho. Kikundi kisicholipa hakiikomoi Serikali. Huwafungia mlango wadogo zao ambao bado wako shuleni. Nayo ruzuku iliyotumiwa vizuri huonekana kwa macho: cherehani inayofanya kazi, kuku wanaotaga, na kijana aliyemwajiri mwenzake. Huo ndio ushahidi bora kuliko barua yoyote ya maombi.