Utangulizi: Sikio la Mhariri wa Filamu

Anayekaa Bukirasazi hahitaji kwenda mbali kujifunza msingi wa uhariri wa filamu. Afike Gishora, nje kidogo ya mji wa Gitega, awasikilize wapiga ngoma. Ngoma iitwayo inkiranya iko katikati, nayo ndiyo kiongozi. Ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na zile za ibishikiso hugeuka kila inkiranya inapogeuka. UNESCO iliutambua urithi huu wa ngoma za kifalme mwaka 2014. Filamu nayo ina mdundo unaotiririka chini, mara nyingi ni sauti, na juu yake picha hugeuka moja baada ya nyingine. Anayeamua zigeuke lini ni mhariri, na kitabu hiki kinakukaribisha kwenye kazi yake.

Mhariri hupokea picha na sauti zilizokwisha kurekodiwa. Huchagua, hukata, hupanga na kuunganisha mpaka vipande mia viwe kisa kimoja. Mtaani tunasema kuediti, na neno hilo linatosha. Mpiga picha anakumbuka jua lilivyomchoma siku ile na kilima alichopanda amebeba kamera. Mhariri mara nyingi hakuwepo. Yeye anaona kilichomo ndani ya picha tu, kama atakavyokiona mtazamaji, na kwa sababu hiyo ndiye wakili wa mtazamaji.

Wakili huyu ana nguvu kubwa. Yapata miaka 100 iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, akauunganisha mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Watazamaji waliona njaa, kisha wakaona huzuni, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Maana ilizaliwa kwenye kiungo. Basi mhariri anaweza kusema uongo bila kugusa picha hata moja, na ndiyo maana maadili tumeyapa sura ya kwanza, kabla ya kompyuta.

Tuitazame kazi kwa karibu. Mama mkulima wa kahawa anahojiwa kuhusu mavuno. Anasema, "Mwaka huu tumepata kidogo." Ananyamaza, anaangalia viganja vyake, kisha anaongeza, "Lakini watoto wamesoma." Kimya kile kina sekunde mbili. Televisheni za ukanda wetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo mbele yako kuna fremu 50 ambazo hazina neno. Ukizitoa zote, mama anasikika kama anayesoma tangazo. Ukiziacha zote, huenda taarifa ya habari ikakosa nafasi. Ukibakiza 30, viganja vinaonekana na pumzi inasikika. Hakuna programu itakayokuamulia hapo. Sikio lako ndilo litakaloamua. Na ikiwa mama anazungumza Kirundi au Kiswahili, wewe uliyekulia ndani ya lugha hizo unajua sentensi yake inaishia wapi na pumzi yake inaanzia wapi. Mtaji huo unao tayari.

Uvumilivu nao ni sehemu ya ufundi. Walter Murch, mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now ya mwaka 1979, ameeleza kwamba kwa kila dakika iliyobaki katika filamu ile, dakika 95 hivi ziliachwa. Enzi hizo mkanda ulikatwa kwa mkono na kuungwa kwa utepe wa gundi. Leo kompyuta moja inatosha, lakini kutazama kila kitu, na kukiacha hata kile ulichokipenda, bado ni kazi ya mtu.

Nchini kwetu shamba hili ni changa. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi, ilitoka mwaka 1992, na tamasha la filamu la FESTICAB lilizaliwa Bujumbura mwaka 2009. Wengi huingia kupitia harusi na video za kwaya. Wengine huanza kama wasaidizi wanaopokea kadi za kamera, kuyapa mafaili majina na kulinganisha sauti na midomo. Usiidharau hatua hiyo. Mhariri asiyejua kipande kiko wapi hawezi kukichagua.

Tunza nakala pia. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu iliyopendwa hadi ng'ambo. Nakala yake ya awali, isiyo na maneno ya msimulizi VJ Emmie juu yake, haikubaki. Weka kazi yako mahali patatu, pamojawapo pakiwa mbali na nyumbani, maana umeme hukatika bila kubisha hodi.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, nina ombi. Chukua simu, nenda sokoni, omba ruhusa, urekodi dakika tatu za muuzaji na mteja wake wakipatana bei. Ukirudi, usitazame kwanza. Funga macho, usikilize mara tatu, uandike kila pale ambapo mmoja amevuta pumzi kabla ya kukubali. Orodha hiyo ndiyo mikato yako ya kwanza. Njoo nayo kwenye sura ya kwanza, tuanzie hapo.