Kidevu Kilichokwenda Upande

Leo tunazungumza juu ya kidevu.

Tuseme yuko mtoto wa Njoro, ana miaka 8. Akifunga kinywa, kidevu chake huenda kulia. Nyanya yake analaumu maji ya kisima, yale yale yaliyomtia meno rangi ya kahawia.

Kwa rangi, nyanya amesema kweli. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Jino huharibika lingali linajengwa ndani ya taya. Ndiyo maana vichujio vya kupunguza floraidi, vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuvitengeneza miaka ya 1990, vina faida kubwa mtoto akiwa bado mdogo.

Ila kidevu hakikupindwa na maji.

Daktari wa meno anamwambia, "Achama polepole." Mtoto anaachama, na kidevu kinarudi katikati! Akifunga, magego yanagongana ncha kwa ncha, ndipo taya la chini linateleza kando kutafuta pa kukaa. Kumbe taya la juu ndilo jembamba; pengine alinyonya kidole miaka mingi. Kuteleza huko kukiendelea, mfupa unaokua hufuata mkao mbaya, na uso ukalemea upande mmoja.

Hapa udogo wake ni bahati. Mshono wa katikati ya kaakaa haujakaza bado. Anatengenezewa kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa kaakaani, kilichopasuliwa katikati na kuunganishwa kwa skrubu ndogo. Mama anatia ufunguo mwembamba kama sindano, anazungusha robo duara, mara moja au mbili kwa wiki kama alivyoagizwa. Kila robo hupanua takriban robo ya milimita. Siku za kwanza mate yanajaa, maneno yanatoka kwa kithembe, meno yanahisi kubanwa, hayo hupita. Miezi ikisonga, magego yanapata nafasi na taya linafunga bila kuteleza.

Je, kama kidevu kinabaki upande hata kinywa kikiwa wazi? Hapo huenda kasoro iko kwenye mfupa wenyewe, au kwenye kiungo cha taya mbele ya sikio, na matibabu yake ni mengine. Mtoto akianguka mtini akapasua kidevu, kiungo hicho chaweza kuvunjika bila mtu kujua. Mwombeni daktari akikague pia, asiishie kushona kidonda.