Mkanda wa Taimingi Katika Ukanda wa Dhahabu

Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, unaounganisha krankishafti, yaani mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na kemshafti, yaani mhimili wa juu unaofungua na kufunga valvu, ili krankishafti inapozunguka mara mbili kemshafti izunguke mara moja kamili bila kuruka hata jino. Ndani ya mpira huo mna nyuzi za kioo zinazouzuia usirefuke, na uso wa meno umevikwa kitambaa cha nailoni ili usilike upesi. Gari la Kijerumani Glas 1004 la mwaka 1962 ndilo la kwanza kuzalishwa kwa wingi likiwa na mkanda huu, na viwanda vingine vikafuata kwa kuwa mkanda ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji oili kama mnyororo wa chuma. Hata hivyo mpira huzeeka kwa miaka, joto na kazi, wala hauonyeshi uzee wake kwa sauti.

Si kila gari linaloonekana Shinyanga au Geita, mikoa ya ukanda wa dhahabu, lina mkanda huu. IST na Probox za Toyota zenye injini za jamii ya NZ hutumia mnyororo, na Hilux zenye injini za GD zilizoanza kutoka mwaka 2015 vilevile. Lakini gari linalotegemewa kati ya Kahama, Kakola, Katoro na Nyarugusu ni Land Cruiser ya pikapu, maarufu kwa jina la mkonge, na nyingi kati ya hizo zina injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo mkanda wake huendesha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli. Injini hiyo huibana hewa hadi mara 22.4, kwa hiyo pistoni inapofika juu hubakiza nafasi ndogo mno chini ya valvu. Mkanda ukikatika gari likiwa safarini, kemshafti husimama papo hapo huku krankishafti ikiendelea kuzunguka, na pistoni huzigonga valvu zilizobaki wazi zikapinda. Ndiyo maana 1HZ iliyokata taimingi hairudishwi barabarani kwa kufungwa mkanda mpya tu, bali hufunguliwa hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu, kwa gharama isiyolingana hata kidogo na bei ya mkanda. Injini ya petroli ya 3S-FE, iliyomo katika RAV4 za mwanzo na baadhi ya Noah, ina nafuu yake, kwani mkanda wake ukikatika injini huzimika bila valvu kuguswa.

Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka gari likifikisha kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea soko lililokusudiwa, na madereva wengi huichukulia taa hiyo kuwa jicho linaloutazama mkanda. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu taa huhesabu kilomita tu, wala haijui kama mkanda ni mzima, umechakaa au umeloa oili. Gari linalokwenda barabara ya lami kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hutumia saa zipatazo 1,670 kumaliza kilomita 100,000, na krankishafti huwa imezunguka takriban mara milioni 200. Gari la mgodini linalotambaa kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, likisubiri getini huku injini inanguruma na kupanda na mzigo kwa gia ndogo, huhitaji saa 5,000 kwa umbali uleule. Hata tukikadiria mizunguko 1,500 tu kwa dakika, jumla hufika milioni 450. Mkanda wa gari hilo umefanya kazi zaidi ya mara mbili ya ule wa gari la lami ilhali odometa zote mbili zinasoma sawa. Kwa magari ya namna hiyo, busara ni kuweka daftari la saa za injini na kubadilisha mkanda mapema kabla ya taa kuwaka.

Mazingira nayo huongeza mzigo. Vumbi jekundu la Geita na tope jeusi la mbuga za Shinyanga hupenya pale kifuniko cha taimingi kilipovunjika au kilipofungwa kwa bolti pungufu, na chembe zake husaga kitambaa cha meno kama msasa. Oili inayovuja kutoka kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia oili, ya krankishafti au ya kemshafti ni mbaya zaidi, kwani hulainisha mpira na kuuvimbisha hadi meno yang'oke.

Hapo ndipo hoja ya kubadilisha vipuri vinavyoambatana na mkanda inapopata uzito. Tenshena, ambayo ni puli inayoukaza mkanda, ina beringi iliyozeeka pamoja nao. Beringi hiyo ikikwama, mkanda mpya hukatika ungali mpya. Sili zibadilishwe wakati uleule, na katika injini kama 3S-FE, ambamo mkanda huendesha pampu ya maji, pampu nayo ibadilishwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ni kazi ya kufungua na kufunga, na kazi hiyo haina sababu ya kulipiwa mara mbili.

Fundi makini huanza kwa kulinganisha alama za puli na za injini kabla ya kulegeza tenshena, kisha huuvalisha mkanda mpya kwa vidole bila kuukunja wala kuulazimisha kwa bisibisi, maana nyuzi za kioo huvunjika ndani bila dalili kuonekana nje. Akishakaza, huzungusha krankishafti kwa spana, polepole, mizunguko 2 kamili, ili kemshafti imalize mzunguko wake mmoja, na alama zote zirudi mahali pake. Mkono ukihisi kizuizi kigumu kama chuma kimekutana na chuma, kazi isimame na mkanda ufungwe upya. Stata haina hisia hiyo, nayo ingekwishapinda valvu.

Mwenye gari asiondoke gereji kabla tarehe, kilomita na saa za injini hazijaandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na anayenunua gari lililotumika lisilo na kumbukumbu hiyo auhesabu mkanda wake kuwa umekwisha muda, hata kama taa ya T-BELT imezima.