Tabibu Atokaye Miongoni mwa Wachache

Mzazi amwonapo mwanawe ana akili ya kusomea utabibu hufurahi. Lakini furaha hiyo mara huingiwa na hofu ya gharama. Katika Marekani, mwanafunzi akopaye ili asomee udaktari wa osteopathi aghalabu humaliza akiwa na deni lipitalo dola 200,000, na juu yake huongezeka riba. Deni hilo huwafungia mlango wengi wenye akili, hasa wana wa jamii za wachache ambao wazee wao hawakuachiwa mali.

Utabibu huu ulianzishwa mwaka 1874 na Andrew Taylor Still, aliyefungua skuli ya kwanza mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Alifundisha kwamba mwili wote ni kitu kimoja, na kwamba mikono ya tabibu yaweza kuponya maumivu ya mifupa na misuli. Leo wenye shahada hiyo Marekani ni madaktari kamili: huandika dawa na hupasua kama wenzao.

Watu weusi waliingia kwa taabu. Meta Christy, atambuliwaye kuwa wa kwanza wao, alihitimu Philadelphia mwaka 1921. William G. Anderson alihitimu Des Moines mwaka 1956, akaenda kutibu watu Albany, Georgia. Huko, mwaka 1961, alichaguliwa kuongoza harakati ya kudai haki za watu weusi. Akamwita Martin Luther King, wakatiwa mbaroni pamoja. Mwaka 1994 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa rais wa chama cha madaktari hao, na msaada wa masomo kwa wanafunzi wa jamii za wachache ukapewa jina lake.

Basi tazameni: aliyesoma alikuwa mmoja, walionufaika ni mji mzima. Msaada wa masomo si sadaka ya kumpamba mtu kwa shahada, bali ni njia ya kuwapelekea wanyonge tabibu aijuaye dhiki yao. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani ina mpango wa kumlipia mwanafunzi ada na posho, naye akihitimu hutumika palipo na uhaba wa madaktari: mwaka kwa mwaka aliolipiwa, wala si chini ya miwili. Na mwaka 2020 skuli ya osteopathi ilifunguliwa Tahlequah, Oklahoma, katika nchi ya Wacherokee, ili vijana wa huko wasomee karibu na watu wao. Madaktari wake wa kwanza walihitimu mwaka 2024.

Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza vyuo kupima rangi ya mwombaji katika kumpokea, na baadhi ya misaada imebadili masharti, ikaangalia zaidi umaskini na mahali mtu atokako. Kwa hiyo, enyi vijana wetu mnaokaa huko, someni masharti kwa makini kabla ya kuomba. Baadhi ya mipango ya serikali hutaka uraia. Nanyi wazazi, msimkatishe mtoto tamaa kwa kuogopa ada kabla hamjauliza. Na yule atakayefaulu asisahau mtaa uliomlea, kwani huko ndiko wagonjwa wake wanakomngoja.