Bei ya Mtumbwi wa Nyangwe

Mapema mwaka 1874 Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa Kawele, Ujiji, akitafuta mashua ya kuzungukia Ziwa Tanganyika. Mashua aliiona. Mwenyewe, Said bin Habib, hakuwapo, na wakili wake alitaka alipwe kwa pembe za ndovu. Cameron hakuwa na pembe hata moja. Akasikia kwamba Mohamed bin Salib anazo pembe, ila anataka nguo. Nguo nazo Cameron hakuwa nazo. Kisha akapata habari kwamba Mohamed bin Gharib ana nguo na anatafuta waya. Waya ndio aliokuwa nao. Akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib nguo, bin Salib akampa wakili pembe, na mashua ikatoka. Walimu wa uchumi wamekitumia kisa hiki miaka mingi kuonyesha taabu ya kuishi bila fedha. Lakini ndani yake mna jambo jingine lisiloacha kusumbua. Cameron hakuwa maskini siku ile. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mali kutoka pwani mpaka ziwani, na mali hiyo haikumfaa kitu mpaka alipojua ni nani anayeitaka, na huyo naye ana nini mkononi. Waya haukuongezeka hata pima moja. Kilichoongezeka ni habari.

Katika soko hilohilo la Ujiji Cameron aliona jambo la pili, nalo ni zuri zaidi. Ushanga uliokubalika sokoni uliitwa sofi, vipande vidogo vinavyofanana na mrija wa kiko uliovunjika. Soko likifunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwapa wanunuzi kwa kubadilishana na ushanga wa aina nyingine. Soko likifungwa, walewale waliwangoja wauzaji na kuzichukua tena sofi zao. Walipata faida asubuhi na wakapata faida jioni, na mfuko wa sofi ulirudi nyumbani ukiwa umejaa kama ulivyotoka. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki inayotoa pointi za safari atamtambua mtu huyu mwenye mfuko. Benki hutoa pointi unaponunua, hupanga yenyewe kiasi utakachopewa unapozirudisha, na katikati pointi hazina matumizi nje ya soko lake.

Hoja ya makala haya ni kwamba thamani ya pointi haiko kwenye idadi inayoonekana katika simu yako. Iko kwa mwenye mtumbwi. Anayetaka kuzipatia thamani kubwa hana budi kuanza safari kwa nyuma: ajue kwanza anakwenda wapi, ni chombo gani kinachofika huko, na mwenye chombo anapokea nini, ndipo arudi kwenye kadi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi, kisha gawa kwa idadi ya pointi. Tuseme tiketi ni dola 1,200, au pointi 60,000 pamoja na ada ya dola 120. Zinabaki dola 1,080, na kila pointi imekulipa senti 1.8. Kama benki hiyohiyo ingekurudishia fedha kwa senti moja kwa pointi, pointi zako 60,000 zingekuwa dola 600 tu. Pointi ni zilezile, mwenye kadi ni yuleyule, na tofauti ya dola 480 imetokana na kujua mlango wa kugonga.

Mfano mkali zaidi wa jambo hili uko kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kando ya mto Lualaba. Nyangwe ya leo ni kijiji. Nyangwe ya miaka ya 1870 ilikuwa soko kubwa la mtoni, na ndipo mali ya wasafiri wa pwani ilipogoma kugeuka kuwa safari. Mpelelezi David Livingstone alifika mwishoni mwa Machi 1871 na kukaa karibu miezi minne akiomba mtumbwi bila kuupata. Alimwahidi Dugumbe, mfanyabiashara mkubwa wa hapo, reale 2,000, sarafu ya fedha ya siku hizo, pamoja na mali yake yote iliyokuwa imehifadhiwa Ujiji, ili apewe watu wa kumpeleka mbele. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba, alikuta Sherif, mtu aliyekabidhiwa mali ile, ameiuza yote kwa maelezo kwamba uaguzi ulimwonyesha Livingstone amekufa. Yaani akiba aliyokuwa akiahidi kuwalipia watu Nyangwe ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekwisha kuamua kwamba mwenyewe hayupo tena. Miaka mitatu baadaye Cameron akafika Nyangwe na kukwama palepale. Wenye mitumbwi walitaka kauri, mbuzi au watumwa, na waya uliomwokoa Ujiji haukumfaa. Mzee mmoja, kwa simulizi ya Cameron mwenyewe, alielezwa kwamba angepewa kauri za kutosha kununua hao watumwa. Akakataa. Kauri, alisema, zingelala bure mpaka apate wa kununua, lakini mtumwa angeanza kazi siku ileile. Ni jibu la kutisha, na tutalirudia. Kwa hesabu tupu, mzee huyo alikuwa ameshaelewa kwamba akiba isiyofanya kazi inapungua hata kama hakuna aliyeigusa.

Aliyeijua biashara hii kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyeweka makao yake Kasongo na kuyasimulia maisha yake kwa Kiswahili katika kitabu ambacho mpaka leo kinasomeka kama daftari la hesabu. Hakuwa na haja ya kupambwa kwa maneno. Anataja frasila za pembe, anataja bei, anamtaja aliyemkopesha na alichomkopesha. Mtaji wake ulitoka Unguja, kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemwamini na mali kisha akangoja. Alingoja miaka ipatayo 12, mpaka Tippu Tip aliporudi Unguja mwaka 1882. Tippu Tip huyu ndiye ambaye mpelelezi Henry Morton Stanley alimpata mwezi Oktoba 1876, alipotaka kusindikizwa kutoka Nyangwe kwenda kaskazini kwa kufuata mto. Stanley ameandika kwamba walipatana reale 5,000 kwa mwendo wa vituo 60. Tippu Tip anasema ziliahidiwa 7,000. Jamaa zake walimlaumu kwa kufuatana na Mzungu, naye akashika lake. Safari ilifupishwa, wakaachana mwishoni mwa Desemba. Kwa orodha ya Stanley mwenyewe, Tippu Tip alipewa hundi ya reale 2,600, punda mmoja, mkufu wa dhahabu, doti 30 za nguo nzuri, ratili 150 za ushanga na kauri 16,300, pamoja na vitu vingine.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ni malipo ya safari moja yaliyogawanywa katika sarafu zenye makazi tofauti. Kauri zilikuwa chakula cha kesho sokoni palepale. Nguo na ushanga vilikuwa vya njiani. Hundi ilikuwa karatasi tu mpaka ifike Unguja, mwendo wa miezi mingi, na aliyeipokea hakuiona pwani kwa miaka mingine 6. Kisha palikuwa na fungu la nne, ahadi za Stanley za zawadi kubwa kutoka Ulaya. Tippu Tip analalamika kwamba ziliishia kwenye picha ya Stanley. Mfanyabiashara huyu hakuzijumlisha sarafu hizo kana kwamba ni kitu kimoja. Kila moja aliipima mahali itakapotumika na siku itakapotumika. Hilo ndilo somo lake kwa mwenye kadi: pointi za kampuni ya ndege, pointi za benki na ahadi ya ofa ijayo ni vitu vitatu, na cha tatu usikiweke kwenye hesabu.

Sasa iweke safari hiyohiyo katika siku zetu. Wako Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili nchini Marekani, na baadhi yao wana kadi zenye pointi. Tuseme mmoja anataka kwenda kuwaona wazee Kasongo. Pointi za benki ya Chase huhamishika kwenda United au Aeroplan ya Air Canada. Za American Express huhamishika pia kwenda Aeroplan. United na Air Canada wamo katika ushirika wa Star Alliance pamoja na Ethiopian Airlines na Brussels Airlines, na hizi mbili zinatua Kinshasa. Huo ni waya, nguo, pembe na mashua. Lakini utaratibu una masharti yake. Pointi zikishahamishwa hazirudi, kwa hiyo kiti kitafutwe kwanza, kikipatikana ndipo zihamishwe. Ada zilinganishwe, kwa kuwa mpango mmoja unaweza kukutoza nyongeza ya mafuta ambayo mwingine hautozi kwa kiti kilekile. Aeroplan iliiondoa mwaka 2020. Na ijulikane mapema kwamba mnyororo unakatika Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Ndege ya ndani hadi Kindu, gari au pikipiki hadi Kasongo, na mtumbwi wa Lualaba havina ushirika na Star Alliance. Anayezimaliza fedha zake zote kwa kuamini kwamba pointi zimemaliza gharama atakwama Kinshasa kama Cameron alivyokwama Nyangwe, mali iko na chombo hakitoki.

Wapo watakaosema kwamba busara ni kulimbikiza: ukingoja miaka 5 utapata tiketi ya daraja la juu, ambako kila pointi hulipa zaidi. Kwa hesabu ya siku moja wana haki. Kwa hesabu ya miaka, anayepanga bei ni mwenye mfuko wa sofi. Delta iliacha kuchapisha jedwali la bei za tiketi za pointi mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019, na tangu hapo bei hupanda bila kuaga. Mwaka 2022 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilitangaza kwamba pointi zake za Bonga zilizozidi miaka 3 zitaanza kufutwa Januari 2023, na Wakenya waliokuwa wakiziona kama akiba wakatambua kwamba hawakuwahi kuzimiliki. Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Katikati ya karne ya 19 nyumba ya O'Swald ya Hamburg, yenye biashara Unguja, ilikusanya kauri za pwani ya Afrika Mashariki na kuzipeleka Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha. Zilifurika mpaka thamani ikaporomoka, na waliozificha ndani ya vyungu wakabaki na vyungu. Limbikiza kwa ajili ya safari yenye jina na mwezi. Zaidi ya hapo unamwekea benki akiba yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba pointi ni za bure, kwa hiyo kuzipima hivi ni kujichosha. Si za bure. Riba ya kadi nchini Marekani ni kama asilimia 20 kwa mwaka, yaani karibu senti 1.7 kwa kila dola kwa mwezi. Kadi inayokupa pointi moja ya senti 1.5 kwa dola imekwisha kula pointi hiyo ndani ya mwezi mmoja wa deni. Tippu Tip aliweza kubeba deni la Taria Topan miaka 12 kwa sababu pembe zilimlipa zaidi ya deni. Nguo na chakula ulivyonunua kwa kadi havizai pembe. Na hata anayelipa deni lake lote kila mwezi analipiwa na mtu. Utafiti wa wachumi akina Sumit Agarwal na Andrea Presbitero ulikadiria kwamba nchini Marekani dola bilioni 15 hivi kwa mwaka huhama kutoka kwa wasioelewa kadi zao kwenda kwa wanaozielewa. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliwawekea mabenki ukomo wa asilimia 0.3 katika ada wanazotozana kwa malipo ya kadi za mkopo, na ndiyo maana pointi za Brussels ni nyembamba kuliko za New York: mfuko unaozijaza umebanwa.

Hapa ndipo jibu la yule mzee wa mtumbwi linaporudi. Pale Nyangwe sarafu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa binadamu, na tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbe walifyatua bunduki katika soko lililojaa wanawake, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya Lualaba. Riba ya kadi si utumwa, na kuyalinganisha mawili hayo kungekuwa kuwakosea waliokufa. Lakini swali lililokuwa halali kuulizwa kule ni halali hapa pia: safari hii niliyopewa kama zawadi, ni nani aliyeilipia? Je, mtu akijua kwamba kiti chake kimegharimiwa na mama anayelipa riba ya kadi kila mwezi bila kuipunguza, akikatae? Na akikikataa, mama huyo atapata nafuu gani? Watetezi wa pointi hawajalijibu, na wakosoaji wao hawajalijibu pia.

Lililo wazi ni dogo, nalo linatosha kuanzia. Lipa deni lote kila mwezi, au achana na pointi kabisa. Usihesabu pointi, hesabu safari. Zitumie zikiwa bado na bei uliyoijua. Na kabla ya kufunga mzigo kwenda Nyangwe, muulize mwenye mtumbwi anapokea nini. Leo atakujibu kwamba anapokea faranga, au dola ambazo hazijachanika.