Infirmié akichoka, mgonjwa njo anaumia

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliangukiwa na jiwe ndani ya shimo, upande wa Mwenga. Mfupa wa paja ulivunjika, damu ikamwagika mingi. Tulimfunga mguu kwa mbao mbili, tukampandisha juu ya moto, kisha kwenye gari la mizigo. Barabara ya Kamituga wote munaijua, basi tulifika Bukavu siku ya pili yake, mchana. Hospitali hatutaitaja jina. Walitupokea, dokta akamwangalia, akasema lazima atiwe damu usiku ule ule. Bibi yake akatumwa kutafuta watu wa damu ya O. Wawili kati yetu walikuwa nayo, wakatoa.

Karibu saa nane ya usiku muuguzi akaja na mfuko wa damu. Bibi wa mgonjwa alikuwa amelala chini, pembeni ya kitanda. Akaamka, akamulika mfuko na simu, akaona imeandikwa B. Akapiga kelele. Muuguzi akasimama, akasoma, mikono ikaanza kumtetemeka. Ndani ya chumba kile kulikuwa wanaume wawili wenye jina moja, na wote wawili walikuwa wanangojea damu. Mtu wa O akitiwa damu ya B, damu zile zinapigana ndani ya mwili, figo zinaharibika, na anaweza kufa kabla ya asubuhi.

Kulipokucha tulikwenda pale watu sita. Tuseme ukweli: tulikwenda kumpiga. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi, bado na bluzi yake nyeupe, macho mekundu. Mama wa usafi njo alitueleza. Dada yule aliingia kazini jana yake asubuhi. Mwenzake wa gardi ya usiku hakutokea, juu alikuwa Kadutu anauza vitenge. Miezi mingi hajaona mshahara, na watoto wanakula kila siku. Basi mtu mmoja alibaki na vyumba viwili, wagonjwa zaidi ya thelathini, tangu asubuhi hadi asubuhi. Tulirudi bila kumgusa. Mmoja wetu alimuachia chai.

Sisi watu wa shimo tulipaswa kuelewa hata kabla ya kuelezwa. Kijana akipiga nyundo mchana na usiku kwa sababu PDG anataka mufuko ujae, saa za mwisho hasikii tena jiwe linapolia juu ya kichwa chake. Anaweka mti wa kushikilia fashi si yake. Yule anayekufa mara nyingi si yeye, ni aliye nyuma yake. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima jambo hili: mtu aliyekesha masaa 17, mikono na akili yake vinafanya kazi kama vya mtu aliyekwisha kunywa pombe. Hatumruhusu mlevi kushuka shimoni. Lakini tunamuachia muuguzi wa masaa 20 ahesabu matone ya serumu ya mtoto.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 oktoba 2002, inataja masaa 45 kwa juma. Sendika yetu inaijua vizuri, tumeipigia meza mbele ya wakubwa mara nyingi. Hospitalini tunasahau kwamba kuna mfanyakazi.

Mshahara nao una hadithi yake. Wauguzi wengi hawako kwenye orodha ya malipo ya serikali, wanangojea mekanizasioni, wengine wamezeekea kungojea. Wengine wanapata prime ya hatari bila mshahara. Wengi wanaishi kwa prime ya ndani, maana yake franga ambazo mgonjwa analipa zinagawanywa mwisho wa mwezi. Halafu katikati ya februari 2025 M23 wakaingia Bukavu, banki zikafunga milango, na hata yule aliyekuwa na mshahara akabaki kuutafuta. Mwaka 2001 kule Abuja wakubwa wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Kongo haijafika pale.

Hospitali ikiishi kwa mufuko wa mgonjwa, mambo yanapinda. Mwenye makuta anaangaliwa kwanza, na mama twangaise aliyekuja na elfu tano anakaa kwenye benchi na homa yake. Aliyepona lakini hajamaliza faktiri anazuiliwa. Watu wanaona hiyo ni aibu tu, lakini ni hatari pia: anashika kitanda, mgonjwa mpya analazwa chini au wawili kitanda kimoja, vidonda vinakaribiana, na muuguzi yule mmoja anaongezewa watu wa kuangalia.

Nchi yetu iliisha kuona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1976 kule Yambuku, upande wa Bumba, hospitali ya wamisionari ilikuwa inatoa seringi tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku ile. Wanachoma huyu, wanasuuza, wanachoma mwengine. Masista wale hawakuwa na roho mbaya, walikuwa na vyombo vichache na watu wengi. Njo Ebola ilipojulikana mara ya kwanza. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, hata milango ikafungwa. Kwetu karibu zaidi, tangu septemba 2023, mpox ya aina mpya ilionekana Kamituga, kati ya wachimbaji na watu wa mabaa. Wagonjwa walijaa, waliowahudumia wengine wakaambukizwa nao, na tarehe 14 agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Glavu ikikosekana Kamituga, si shida ya Kamituga peke yake.

Kuna kitu kingine ambacho si makuta. Muuguzi yule, kosa la mfuko wa B, hakuliandika kwenye rejista. Alituambia mwenyewe, siku zilipopita: akiandika, anafukuzwa. Tulinyamaza, juu na sisi tunafanya vile. Shimo likibomoka kidogo bila kuua, nani anasema? PDG anaogopa chantier ifungwe, wachimbaji wanaogopa kukosa chakula, tunaziba tu na udongo. Mpaka siku kama ile ya 11 septemba 2020, pale Détroit, Kamituga, mvua iliponyesha na watu karibu 50 wakabaki chini. Kosa dogo lililofichwa halimfundishi mtu wa gardi inayofuata.

Na dawa yake mara nyingine ni rahisi mpaka inashangaza. Mwaka 2008 OMS ilitoa karatasi moja ya upasuaji, yenye maswali 19. Mgonjwa huyu ni nani? Tunapasua upande gani? Tumehesabu vitambaa na sindano? Waliijaribu kwenye hospitali nane za dunia, moja yao ni ya Ifakara, Tanzania, si ya matajiri. Kati ya wagonjwa 1000 waliopasuliwa, waliokufa walishuka kutoka 15 mpaka 8. Ni kama pale mlangoni mwa shimo, tunapohesabu vichwa vinavyoingia na vinavyotoka. Lakini hata karatasi inahitaji mtu wa pili wa kujibu maswali. Muuguzi aliye peke yake usiku atamuuliza nani?

Ndugu zetu wengi wanachukia grevi ya waganga, na tunawaelewa. Grevi inaua, tusifiche. Mama wa mimba hawezi kungojea mazungumuzo ya Kinshasa. Njo maana tunasema wakisimamisha kazi wabakize watu wa dharura, na wengi wanafanya hivyo. Lakini ile kazi ya bila mshahara, ya mtu mmoja usiku kucha, inaua pia, polepole, na hakuna redio inayoitangaza. Sendika yetu imekubali kwamba wauguzi wakiandamana kwa mekanizasioni, tutakuwa nyuma yao na kofia zetu za shimo. Wengine walipinga kikaoni, wakasema hao njo wanatunyonya kwenye faktiri. Tulibishana mpaka jioni.

Huku nyumbani, kila ekipe iingie kwenye mituele ya afya. Ziko katika jimbo letu, hata zile zinazosaidiwa na BDOM ya kanisa katoliki. Kidogo kidogo cha kila mwaka ni bora kuliko kuuza shamba usiku wa ajali. Mtu anayelala karibu na mgonjwa aijue damu yake, aulize jina la dawa kabla ya kuchoma, na aulize kwa heshima. Muuguzi mzuri hakasiriki. Na mkono usiinuliwe juu ya muuguzi, hata siku ya msiba. Hospitali ambayo wauguzi wanapigwa, usiku inabaki na mlinzi tu.

Mwenzetu alikaa hospitalini miezi miwili. Kila asubuhi bibi yake alikuwa anamwandikia O kubwa kwenye mkono, na bic, hata baada ya kumaliza kutiwa damu. Siku ya kutoka, yule muuguzi alikuja kuwaaga, alikuwa ndiyo anamaliza usiku. Tukamuuliza kama mwenzake alirudi kazini. Akasema bado, yuko Kadutu, na vitenge vinatoka vizuri kidogo.